Jikokapu letu: miezi saba ya makande, mama mkwe na kuku aliyehamia sebuleni

Wiki ya pili tangu nilete jikokapu nyumbani, yaani kikapu kinachomalizia kuivisha chakula bila moto, jirani yetu wa bondeni alibisha hodi saa sita mchana akiwa amebeba bakuli la uji lililofunikwa kwa sahani. Uso wake haukuwa wa maongezi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama tuna mgonjwa, kwa sababu moshi wa jiko letu ulikatika mapema asubuhi na hajauona tena. Huku kwetu Lushoto moshi ndio hutangulia kusalimia: ukiuona unajua wenye nyumba wameamka salama, na jua likifika utosini huuoni, unakwenda kuuliza. Nikamshika mkono, nikamleta mpaka kona ya sebule, nikafungua khanga, nikainua mto na kifuniko, na mvuke wa makande ukampiga usoni. Akaketi palepale mkekani akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga yake. Uji tuliunywa watatu, yeye, mimi na mama mkwe, naye akarudi kwake na makande kwenye bakuli lilelile.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na wengi kama kitu hiki kinapika kweli au ni pambo la semina. Kinapika. Nimekitumia miezi saba, na baridi yote ya Juni hadi Agosti imo humo, kwa familia ya watu saba. Nitasema nilichokiona, kizuri na kibaya.

Nililinunua gulioni kwa kina mama wanaoyashona wenyewe, shilingi 25,000. Kwa nje ni kikapu kipana chenye mikono miwili. Ndani wametandaza sufi nene kama godoro la mtoto mchanga, juu yake wakashonea kitenge, na katikati wakaacha nafasi ya sufuria moja. Kwa juu linafunikwa na mto uliojazwa sufi hiyohiyo. Halina waya wala betri. Unachemsha chakula motoni, unakiepua kikiwa bado kinatokota, unakitumbukiza humo na kifuniko chake, unaweka mto, unakwenda shamba. Joto lililomo ndani ya sufuria halipati njia ya kutoka, kwa hiyo linaendelea na kazi.

Binti yangu wa darasa la sita alifurahi mno, akataka kumweleza bibi yake kama walivyofundishwa shuleni: joto husafiri kwa njia tatu, mpitisho, msafara na mnururisho, na sufi inazuia joto lisitoroke. Bibi akamkatiza hapo kwenye msafara. Akauliza ni msafara wa nani, maana hajasikia king'ora wala hajaona watoto wa shule wamepangwa barabarani na bendera. Mtoto alicheka akashindwa kumaliza somo. Mpaka leo sufuria ikishaingia na mto ukikaa, mama hutangaza kwa nyumba nzima: "Msafara umefungiwa!"

Kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwa watu wa chini. Lushoto tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga mjini. Maji yanatokota kwa vishindo, lakini joto lake ni pungufu, ndiyo maana maharage ya mlimani huchukua muda mrefu kuliko ya pwani hata yakitoka gunia moja. Makande, ambayo wengine huita pure na Wakenya huita githeri, yalikuwa yakinikalisha motoni saa tatu na zaidi, napuliza, nachochea, macho yamekuwa mekundu, na siwezi kwenda mbali kwa sababu kuni za mkaratusi ukizipa kisogo ama zinazima ama zinaunguza. Mimi nilikuwa mfungwa wa maharage. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu ni saa tatu za kila siku ambazo hakuna anayezihesabu.

Makande ya kwanza ya kapuni hayakuiva, na sababu ninaijua. Niliyaingiza saa nne asubuhi nikachukua jembe. Mama mkwe akabaki nyumbani. Yeye amepika kwa mafiga tangu akiwa na miaka minane, na kwa imani yake chakula ambacho hakisikiki kinatokota kimelala. Basi akawa anakwenda kukiamsha. Anafungua, anakoroga, anaonja punje, anafunika. Mwanangu mdogo alihesabu: mara sita. Niliporudi saa tisa makande yalikuwa vuguvugu na mahindi yanalia menoni kama kokoto. Mama akaniwekea mkono begani, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, wamekuuzia kitanda cha paka." Na paka alikuwa ameshakikagua.

Mara ya pili nililifunga kwa khanga, mafundo mawili, nikamwambia, "Mama, nakuomba, leo tusifungue mpaka nirudi." Akakubali. Akavuta kigoda akaketi mbele yake kama mlinzi wa benki. Khanga ile niliichukua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, lakini jina lake lilikaa juu, sawasawa mbele ya macho yake. Mama hasomi. Akamwita mjukuu wake. "Hii khanga ya mama yako inaniambia nini?" Mtoto akasoma kwa silabi: mvu-mi-li-vu hu-la mbi-vu. Niliporudi nilisikia kicheko tangu njiani, na anayecheka kuliko wote alikuwa mama mwenyewe, akisema amekaa kwenye ndoa miaka hamsini na hajawahi kusemwa na sufuria. Tulifungua pamoja. Maharage yalikuwa yamepasuka, mahindi laini, na mchuzi mzito umekolea. Alikula sahani mbili, na ya pili alijipakulia mwenyewe.

Kwa anayetaka kuanza, makande yangu huwa hivi. Mahindi yaliyokobolewa na maharage nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji. Nachemsha kwa moto mkali dakika 40, naingiza kapuni saa nne au tano, kisha nayarudisha motoni kidogo nikiunga kitunguu, nyanya na tui kama nazi imepanda huku kutoka Tanga. Kwenye maharage usifanye haraka. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, nayo haivunjwi na joto la uvuguvugu. Ni lazima yachemke kwa nguvu, dakika 10 kwa uchache, kabla hayajaingia kapuni. Mimi sishuki chini ya 30. Wali ni rahisi zaidi: ukichemka dakika tano unaingia, saa moja baadaye umeiva punje mojamoja, na chini hakuna ukoko. Punguza maji ya wali kama robo, kwa sababu hakuna mvuke unaopotea. Makongoro yanalainika vizuri mno, ukiyarudisha motoni mara moja katikati. Na sufuria ijae angalau theluthi mbili. Ukiweka chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa kinapoa mapema, kisha kinakaa kwenye joto ambalo linakiharibu. Sijawahi kulaza chakula humo mpaka asubuhi, na simshauri mtu.

Ugali haliwezi, wala chapati, na mnafu wa kukaanga haraka hauna haja nalo. Mtu akikwambia litaondoa moto nyumbani kabisa, anakudanganya. Kwangu mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku tatu sasa unafika sita. Hilo ndilo ninaloweza kuapia.

Sasa kuku.

Mto wa jikokapu, chakula kikiwa ndani, unakuwa na uvuguvugu kidogo kwa juu. Mwezi wa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na vidole vinauma, tetea wetu mmoja wa kienyeji aligundua hilo kabla ya sisi wote. Baba watoto alirudi mchana na njaa yake, akaenda moja kwa moja kapuni, akainua kitambaa, akakuta yai. Alinipigia simu shambani. Sikusikia salamu, nilisikia tu, "Mama watoto, hili jiko lako linataga." Nilidhani ni utani mpaka niliporudi nikamkuta yule kuku amekaa juu ya mto, amejitanua, macho yamefumba nusu, na mume wangu amesimama pembeni na sahani tupu anamwomba apishe. Ukimsogeza anakugeuzia kichwa na kukutazama kama wewe ndiye mgeni.

Tulimtengenezea kiota chake kwenye tenga la zamani, kwa matambara na nyasi kavu. Akakikataa. Siku ya nne alikuwa ameshataga mayai manne juu ya mto wangu, na watoto wamempa cheo cha meneja. Mama mkwe akasema mwacheni, huyo ana akili, ameona pasipo na moshi. Mwisho nililihamishia jikokapu juu ya kabati, nikampa tenga lile pamoja na kipande cha blanketi, akaridhika. Alitotoa vifaranga wanane. Foronya ya mto niliifua kwa maji ya moto na sabuni, nikaianika siku nzima, na tangu hapo mlango wa sebule una kibao cha kuzuia kuku. Ukinunua, liweke juu tangu siku ya kwanza.

Kero ninazo tatu. Ya kwanza ni masizi. Sufuria iliyotoka kwenye kuni ni nyeusi, na kitenge cha ndani kilikuwa kizuri siku mbili tu. Dawa yake ni ile ya bibi zetu: kabla ya kupika, paka tope jembamba la majivu nje ya sufuria, ukiepua unalifuta na masizi yanatoka nalo. Halafu tandika kitambaa kikuukuu chini, kinachofuliwa peke yake. Ya pili ni unyevu. Sufi hunywa mvuke, na mwezi wa tatu wa kulitumia yangu iliganda upande mmoja ikaanza kunuka kama godoro la mtoto anayekojoa. Nililifumua, nikaichambua sufi kwa vidole, nikaianika juani na kuirudisha. Walioniuzia hawakuniambia kuhusu kulianika, na walipaswa kuniambia. Sasa kila jua linapotoka, nalo linatoka. Ya tatu ni kipimo. Lile shimo ni la sufuria ya saizi moja, na sufuria zetu hazina mikono, kwa hiyo kuitoa moto ndani ya kikapu kirefu kunahitaji vitambaa viwili na utulivu. Nendeni gulioni na sufuria yenu mkononi, mlipime hapohapo.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naupenda mpango huo na gesi naitaka. Ila ningeomba wanaoleta mitungi vijijini walete na vikapu hivi, kwa sababu maharage ya mlimani yanamaliza mtungi upesi, na kuupandisha mwingine kwa bodaboda ni gharama nyingine. Kuchemsha dakika 30 kwa gesi halafu kufunika kwa sufi kungemsaidia mwanamke wa kwetu kuliko mtungi peke yake.

Kwa zile saa zilizobaki nimepanda vitunguu saumu robo eka, na jioni nakaa na watoto wanisomee. Nimewasikia wanangu wakisoma mwaka huu kuliko miaka yote iliyopita. Zamani nilikuwa nawasikia kwa sikio moja, jingine liko kwenye sufuria.

Ningenunua tena? Ndiyo, na la pili nimeshaweka oda. Si langu. Ni la mama mkwe, anataka kumpelekea dada yake Mlalo, ambaye naye anapika kwa mafiga na naye, kwa maneno ya mama, "ana mkono wa kufunuafunua." Amenipa hela mwenyewe, zimefungwa kwenye pindo, na sharti moja: liende likiwa limefungwa kwa khanga, mafundo mawili, jina liwe juu. Jumapili tulishinda naye dukani. Alimwita binti yangu amsomee khanga moja baada ya nyingine, kuanzia ya juu kabisa kwenye kamba, mpaka akaipata anayoitaka.