Chakula cha mtaani Tanga: bei ni ile ile, saa ndiyo inayotofautisha

Nakula mtaani Tanga karibu kila siku, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujauliza nani anapika vizuri, uliza anaepua saa ngapi. Kibanda kile kile cha mtaa wa Ngamiani kinaweza kukupa mbaazi tamu saa 1 asubuhi na mbaazi zilizochacha saa 8 mchana, na hela utatoa ile ile.

Nianze na mahamri kwa mbaazi za nazi, maana kwa thamani ya pesa sijaona cha kukipita hapa mjini. Shilingi 2,000 zinanitosha na chai juu. Nenda kati ya saa 12 na nusu na saa 2. Mbaazi kavu hulowekwa usiku, zikachemshwa hadi ziive, zikatiwa tui jepesi, halafu tui zito mwisho kabisa kwa moto mdogo. Tui zito likiachwa lichemke kwa nguvu linakatika: mafuta yanaelea juu, chini maji matupu. Hizo zinalika, ila utamu umepungua. Za kukwepa ni zilizokaa. Joto letu na tui havipatani, na ifikapo mchana utaona vipovu vidogo pembeni mwa sufuria ilhali jiko limeshazimwa. Hapo ndipo zimeanza kuchacha, na kuzipasha moto tena hakuzirudishi. Wapo pia wanaotia magadi ili ziive haraka na mkaa usiishe. Mbaazi za magadi zimevurugika, maganda yameachana na punje, na mdomoni zinaacha ladha ya sabuni. Mimi sirudi kwenye kibanda hicho.

Mahamri yapasue kabla ya kuyachovya. Zuri lina uwazi ndani, harufu ya hiliki, na vidole vinabaki vikavu. Vidole vikitoka vinang'aa, unga ulitiwa kwenye mafuta yasiyopata moto ukayanywa. Nje limeiva kupita kiasi na katikati bichi, mafuta yalikuwa ya moto mno. Likinuka uchachu, unga uliumuka ukapitiliza. Na litazame karai lenyewe: mafuta meusi yanayotoa povu na moshi yametumika siku nyingi, hata kama foleni ni ndefu.

Jioni ni pweza, na hapa saa peke yake haitoshi, lazima ujue na mwezi. Pweza hufuata bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hutoka mbali, miamba inabaki wazi, na wavuvi wa miguu wanayafikia mashimo yake. Pwani yetu, kupwa kubwa kwa siku hizo huangukia kama saa 4 au saa 5 asubuhi. Kwa hiyo pweza anafika mjini mchana, na jioni yuko kwenye sinia. Siku za maji mafu, yaani maji yasipotoka mbali, karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, sinia halikosekani, lakini mara nyingi ni pweza wa barafu. Wa barafu si mbaya, maana kuganda humlainisha. Mbaya ni aliyeganda, akayeyuka, akagandishwa tena: ngozi inavuka kwa kidole, nyama imelegea na inatoa maji. Muulize muuzaji kwa adabu, "Wa leo huyu, kaka?" Mwenye pweza wa leo anajibu haraka.

Omba kipande cha sehemu nene ya mkono, karibu na kichwa. Ncha huwa laini kila mara, sehemu nene ndiyo inayoonyesha kama alipigwa vya kutosha kabla ya kuchemshwa. Vipande huuzwa kimoja kimoja na ukubwa tofauti una bei tofauti, kwa hiyo uliza kabla hujachoma kijiti. Supu inayofaa ina rangi ya zambarau iliyokolea. Pweza hutoa maji yake mwenyewe sufuriani, ukiona supu nyeupe jua imeongezwa maji. Ukiwa hujui ukali wa pilipili ya pale, iombe pembeni.

Kwa anayepika nyumbani, samaki wa soko la Deep Sea watamwokolea hela kuliko wa kukaanga wa barabarani. Wavuvi wa taa hutegemea giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu vibua na dagaa hupungua na bei hupanda. Subiri giza lirudi. Asubuhi usishindane na wachuuzi kwenye mnada. Wakishanunua, wao wenyewe wanagawa mafungu, na hapo fungu dogo linapatikana. Funua mashavu: yawe mekundu, si ya kahawia. Jicho liwe limejaa, na nyama ukiibonyeza irudi. Vibua, sehewa na jodari wanahitaji uangalifu zaidi: wakipigwa jua muda mrefu huwa wanawasha, yaani mwili unavimba na uso kuwaka moto baada ya kula, na kukaanga hakuondoi hilo. Hao nunua waliofunikwa barafu au uache. Kupaa magamba kuna vijana pale pale, patana kwanza.

Muhogo wa kukaanga na kachumbari ni shibe ya bei ndogo kuliko chipsi. Tazama ukikatwa: mistari ya bluu au nyeusi ndani ina maana umekaa siku kadhaa tangu ung'olewe. Ukiuona mchungu, tema, usijilazimishe. Machungwa yetu ya Muheza usiyahukumu kwa ukijani, kwenye joto hili huiva yakiwa na ganda la kijani. Chagua zito lenye ganda laini, ndilo lenye maji.

Kahawa chungu na kashata sina la kulalamika, isipokuwa vikombe: kaa kwa muuzaji mwenye ndoo ya pili ya kusuuzia.

Usafiri mjini si shida. Ngamiani barabara zimenyooka na zina namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili na kuendelea, hivyo mpe dereva wa bajaji namba na patana kabla ya kupanda. Mji ni tambarare, baiskeli inakutosha. Tembea na sarafu za 100, 200 na 500, kwa sababu asubuhi mapema muuzaji hana chenji ya elfu kumi na utasubiri mahamri yapoe.

Ramadhani ratiba hii yote inageuka. Mchana vibanda vingi hufungwa, na anayekula hujisitiri, asile barabarani. Baada ya alasiri mitaa inajaa magimbi, kaimati, tambi na uji wa pilipili manga. Nunua kabla ya saa 12, maana ikiadhiniwa magharibi wauzaji nao wanafuturu, na ukichelewa utangoja mpaka wamalize.