Uzoefu wangu na Fighter in the Wind: staringi anayeogopa

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua sheria za picha ya ngumi: staringi haogopi, na staringi hafi. Fighter in the Wind, filamu ya Korea Kusini ya mwaka 2004, inaitupa sheria ya kwanza mapema kabisa. Mtu tunayemfuata kwa saa mbili anaogopa kupigwa, anaogopa kupiga, na uoga wake unaonekana usoni hata pale anaposhinda. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote ya karate, na kila nikiirudia ni huo uoga ninaoufuata, kuliko hata mapigano yenyewe.

Staringi wetu ni Choi Bae-dal, ambaye ulimwengu wa karate unamfahamu zaidi kwa jina la Masutatsu Oyama, mwanzilishi wa mtindo wa karate uitwao Kyokushin. Ni Mkorea, mzaliwa wa upande wa Gimje, enzi zile Korea ikitawaliwa na Japani, utawala ulioanza mwaka 1910 na kuisha Japani iliposhindwa vita mwaka 1945. Alivuka bahari akiwa kijana mdogo kwenda kusomea urubani nchini mwa watawala wake. Filamu imetengenezwa na mwongozaji Yang Yun-ho kutokana na kitabu cha katuni cha Bang Hak-gi, na jambo hilo likae akilini tangu mwanzo. Hii ni hadithi iliyoanzia kwenye maisha ya mtu wa kweli, ikapitia kwa mchora katuni, ndipo ikafika kwenye kamera.

Nusu saa ya mwanzo ni ya kudhalilishwa. Bae-dal anataka kurusha ndege, lakini mbele ya maofisa wa Japani Mkorea ni mtu wa kutumwa na kutukanwa, na anayewakilisha dharau hiyo ni Kato, ameigizwa na Masaya Kato kwa utulivu unaotisha. Vita vinapoisha hakuna anayesherehekea. Miji imeungua, chakula kinauzwa kwa magendo, wanajeshi wa Marekani wamejaa mitaani, na wahuni wa yakuza wanawatoza wanyonge. Bae-dal anapigwa hadharani na harudishi. Yang Dong-geun, anayeigiza Bae-dal na ambaye kwao ni mwanamuziki wa rap pia, hana sura ya mwanamieleka wala misuli ya kutangazia dawa. Ana macho mazito, na mabega yake yanashuka mtu akimfokea. Waigizaji wengi wa filamu hizi, hata wanapocheza sehemu ya kupigwa, unaona wanasubiri zamu yao ya kulipiza. Huyu hasubiri chochote. Amekata tamaa kabisa, nami namwamini.

Kinachombadilisha ni kukutana tena na Beom-su, mtu wa nyumbani kwao aliyemfundisha kupigana akiwa mtoto. Wawili hawa ugenini, mmoja amekwisha kuona mengi na mwingine hajui aanzie wapi, ndio uhusiano uliojaa mapenzi ya kweli kuliko wowote kwenye filamu hii. Beom-su hamfundishi mbinu nyingi. Anamfundisha kusimama. Anapoondoka duniani, Bae-dal anapanda mlimani peke yake.

Sehemu ya mlimani ndiyo watu wengi wanaisimulia, na kweli imetengenezwa vizuri. Baridi, miti, mawe, mtu mmoja. Mimi nimefanya karate kwa miaka mingi pale Dar es Salaam, mtindo wa Goju-ryu, na jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye mikono. Ngumi ya karate inapigia vifundo viwili, cha kidole cha shahada na cha kati. Ukipiga na vile vidogo unavunjika mkono. Kwenye dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, tunavikomaza kwa makiwara, ubao uliosimikwa chini na kuzungushiwa kamba juu. Kwa miezi ya mwanzo ngozi inachubuka, inafunga, inachubuka tena palepale, na ukitaka kushika kikombe cha chai unakishika kwa viganja. Bae-dal anapoanza kupiga mti, filamu haiharakishi. Tunaona anasita kabla ya pigo linalofuata, kwa sababu mkono unajua kitakachotokea. Aliyewahi kupiga makiwara atakitambua kile kisitasita mara moja.

Oyama mwenyewe alisimulia kwamba mafunzo hayo aliyafanya kwenye mlima Minobu, kisha baadaye mlima Kiyosumi, na kwamba alinyoa nyusi ili aone aibu kushuka mjini kabla ya wakati. Alikuwa amevutiwa na maisha ya Miyamoto Musashi, mpiga upanga wa karne ya 17, na filamu nayo inampa kitabu cha Musashi awe nacho. Ni jambo la kufikirisha, kijana wa Kikorea aliyedharauliwa na Wajapani akijijenga upya kwa kumfuata shujaa wa Kijapani. Filamu haiweki hotuba hapo, na imefanya vema.

Akishuka, anaanza kuzunguka Japani akizitembelea shule za mapigano moja baada ya nyingine na kuwataka mabingwa wake wajitokeze. Hapa ndipo mpenzi wa filamu za kupigana atafurahi, ila ajiandae: hakuna kuruka juu ya mapaa, hakuna dakika kumi za mateke ya kupishana. Mapambano mengi ni mafupi mno. Watu wawili wanasimama, wanapimana, kinapigwa kitu kimoja au viwili, mmoja anaanguka. Mwili unaanguka vibaya, kama miili inavyoanguka kweli. Na ndivyo mtindo aliouanzisha baadaye ulivyo. Kwenye mashindano ya Kyokushin wanapigana bila glovu, ngumi mwilini kwa nguvu zote, mateke mpaka kichwani. Ngumi ya uso imekatazwa. Ukishatazama pambano la namna hiyo kwa macho yako, yale ya filamuni hayakushangazi.

Halafu anaua mtu. Ni kwenye pambano la haki, na mpinzani alikuwa na silaha, lakini mtu amekufa na ameacha mke na mtoto. Filamu nyingi za aina hii zingepita hapo kwa muziki mzito na kuendelea na safari. Hii inasimama. Bae-dal anakwenda nyumbani kwa mjane kuomba radhi, anakataliwa, na haondoki. Anabaki akifanya kazi za pale, mikono ileile iliyopasua mawe sasa inashika jembe na kubeba kuni. Mtoto anamtazama kwa chuki asiyoificha. Mama hamwambii neno la faraja, na hana deni la kumwambia. Natoka kwenye jamii ambako mtu akimwaga damu, hata kwa bahati mbaya, wazee wanakaa na familia inakwenda kubisha hodi kwa waliofiwa, kwa hiyo sehemu hii ilinishika moyo kuliko mlima na shule zote zile. Nguvu aliyoitafuta kwa taabu kubwa imemfikisha kwenye uwanja wa nyumba ya mjane, na hapo haimsaidii kitu. Kama ningeambiwa nichague dakika kumi tu za kumwonyesha kijana anayetaka kuanza karate, ningechagua hizo.

Nina malalamiko, na mengine ni makubwa. Mapenzi ya Bae-dal na Yoko, aliyeigizwa na Aya Hirayama, hayajapikwa yakaiva. Anamwokoa, wanapendana, kisha dada wa watu anabaki wa kusubiri na kulia. Mwigizaji anaweza zaidi ya hapo, angepewa nafasi. Upande wa maadui nao umerahisishwa. Kato anaanza kama mtu, anaishia kama kizuizi cha mwisho, na pambano la kufunga kazi linapendeza machoni kuliko linavyogusa moyo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni walimu. Filamu inamfanya Bae-dal aonekane amejifundisha mwenyewe kwa msaada wa Beom-su na kitabu kimoja. Kuna punje ya ukweli, kwani Oyama alisema mtu wa kwanza kumfundisha kupigana utotoni alikuwa kibarua wa shambani huko Manchuria. Ila akiwa Japani alisoma mtindo wa Shotokan kwa Gichin Funakoshi, mzee wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, aliyeifikisha karate Tokyo, na alisoma Goju-ryu kwa So Nei Chu, Mkorea mwenzake aliyekuwa akiishi Japani. Huyu wa pili angefaa sana kwenye hadithi hii: Mkorea anamfundisha Mkorea mtindo wenye asili ya Okinawa, katikati ya nchi iliyowatawala wote. Sisi wa Goju-ryu tunalijua jina lake, na nilisikitika kutokuona uzito wake hapa. Hakuna anayefika popote kwenye karate bila mtu wa kumrekebisha nyonga na pumzi kila siku.

Mtu akitaka kuyajua maisha yote ya Oyama, filamu hii haitamtosha. Haiingii kwenye safari yake ya Marekani ya mwaka 1952, wala kuanzishwa rasmi kwa Kyokushin mwaka 1964, wala ile kumite ya watu mia moja, ambapo mpiganaji mmoja anakabili wapinzani mmoja mmoja hadi mia. Alifariki Tokyo mwaka 1994 kwa saratani ya mapafu, akiwa ameshachukua uraia wa Japani miaka mingi nyuma. Filamu ya Kikorea inayomlilia kama mtoto wa Korea ilikuwa na neno gumu la kusema kuhusu uraia huo, na ikachagua kumalizia mapema.

Neno la mwisho ni la nakala. Ziko za DJ anayetafsiri juu ya sauti, na nakala hizo nimekulia nazo, nazipenda. Kwa hii tafuta yenye maandishi ya chini. Mazungumzo yanahama baina ya Kikorea na Kijapani, na sehemu kubwa ya uchungu wa hadithi imo humo: Bae-dal anaongea Kijapani cha uangalifu mbele ya wakubwa, halafu anakutana na Beom-su na ulimi unalegea, sauti inashuka, anakuwa mtoto wa nyumbani tena. Akishaongea DJ, lugha zote zinakuwa moja na hayo yamepotea. Hata kama hujui Kikorea wala Kijapani, masikio yatakuonyesha tofauti.

Usiitazame na watoto wadogo. Kuna wanajeshi wanaowashambulia wanawake barabarani, na kuna damu isiyofichwa. Kwa mwenye miaka kumi na sita hivi na kuendelea, hasa aliyeanza kujisikia kwa sababu amepata mkanda wa rangi, kaa naye, na mkifika kwa mjane usimruhusu apeleke mbele.