Gemu za Anime za Kucheza Wawili: Kwanza Hesabu Switch Zako

Likizo ya Agosti, mpwa wangu alitoka Kisumu na matatu mpaka kwetu Section 58, Nakuru, akijua yeye na kijana wangu watapigana na majitu pamoja. Nilikuwa nimewanunulia Attack on Titan 2, gemu ya anime (katuni za Kijapani), ya Nintendo Switch, kile kifaa cha gemu cha kushika mkononi. Muuzaji aliniapia, "Mama, hii wanacheza hata wanne." Kweli, lakini kila mmoja awe na Switch yake na nakala yake ya gemu. Sisi tuna Switch moja. Mtoto wa watu alikaa jioni nzima na padi ya pili (kidude cha kuchezea chenye vitufe) mkononi, isiyofanya kitu, akimtazama mwenzake akiruka juu ya mapaa.

Kwa hivyo picha nzuri na hadithi tamu sitazigusa. Uliza jambo moja: wawili wanaweza kucheza kwa kifaa kimoja?

Ninayoipenda, na sifichi, ni One Piece: Pirate Warriors 4 ya mwaka 2020. Skrini inagawanywa sehemu mbili, Luffy huku, Zoro kule, wote wakipambana na umati uleule. Kinachoniuma ni kwamba kampuni ya Omega Force ndio waliotengeneza hii na ile Attack on Titan 2 iliyotutoa machozi. Kumbe waliweza! Kwenye inchi 6.2 za Switch ya kawaida, nusu skrini ni finyu, macho yanachoka. Iunganishe na TV.

Ya pili ni Dragon Ball Xenoverse 2, kama nyumbani kuna Switch mbili na nakala mbili. Switch hizo zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila intaneti, kwa hivyo bando lako liko salama. Ile ya majitu naiweka mwisho.

PSP, vifaa vya zamani vya gemu vya Sony, za mtumba ni za bei rahisi, na Dragon Ball Z: Tenkaichi Tag Team inawaweka wawili timu moja, ila utahitaji PSP mbili.

Tena jihadhari na Switch Lite. Padi zake hazibanduki, haina mguu wa kuisimamisha mezani, na haiunganishwi na TV. Kuna wauzaji wanaokutolea hiyo ukiomba Switch, wakanyamaza.

Nilipoirudisha gemu yangu niliambiwa boksi likifunguliwa hakuna kurudishiwa pesa. Na ndani ya boksi hilohilo ndimo ukweli ungejulikana! Siku hizi naenda na Switch yetu na padi ya pili kwenye mkoba. Muuzaji akikataa tujaribu wawili pale kaunta, naondoka na pesa zangu.