Sweta ya Familia: Upime Mwili au Upime Sweta Anayoipenda?

Ukitaka kufuma sweta, kumpima mtu mwenyewe kunafaa zaidi kwa mtoto, maana sweta yake ya mwaka jana haikuambii kitu. Pitisha futi kamba chini ya kwapa, zungusha kifua, kisha ongeza sentimita 5 hadi 10 ili apumue. Shida ni kwamba mtoto hatulii, na baba akipimwa hubana tumbo.

Kwa watu wazima, mimi huomba sweta wanayoivaa kila siku. Ilaze mezani bila kuivuta, pima kutoka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Ukipata sentimita 98, hiyo tayari ina nafasi, usiongeze tena. Urefu wa mkono nao unaupata bila kubahatisha. Ila unene wa sweta hiyo ukaribiane na uzi wako. Sweta nyembamba ya kiwandani itakudanganya.

Njia zote mbili zinategemea kipande cha majaribio, yaani kipande kidogo unachofuma kwanza ili uhesabu vitanzi (vifundo vya uzi) vinavyoingia katika sentimita 10. Vitanzi 20 kwa sentimita 10 vinadai vitanzi 196 ili upate hizo 98. Mkono wako ukikaza uzi hadi vitanzi 22 kwa sentimita 10, vitanzi hivyohivyo vinatoa sentimita 89 tu, na mama mkwe haingii. Kipande hicho kifue kwanza, kikauke, ndipo uhesabu.