Fundi wa Luthuli Aliyepima Kabla ya Kubadilisha

Gari la rimoti la mwanangu lilianza kwa kukatikakatika kila lilipopita penye mashimo, na baada ya siku mbili likakataa kabisa kwenda, ingawa taa ya kidhibiti mwendo, kile kifaa ndani ya gari kinachopimia mota umeme wa betri, iliwaka na magurudumu ya mbele yaligeuka kulia na kushoto kama kawaida. Duka la kwanza nililoliendea katikati ya jiji liliniambia, bila hata kulifungua, kwamba mota imeungua na kwamba mpya ni shilingi 4,500. Sikuridhika. Nikavuka hadi Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi, kwenye kibanda kimoja cha ghorofani ambacho upana wake hauzidi meza moja, na ambacho sasa nakipendekeza kwa moyo wote.

Fundi hakukimbilia kulehemu. Aliuliza kwanza, "Mama, lilizima ghafla ama lilikuwa likikatika?" kisha akalipandisha gari juu ya kopo tupu la Kimbo ili magurudumu yaning'inie hewani. Betri ilisoma volti 7.9, kiwango kizuri kwa lithiamu ya seli mbili ambayo ikijaa hufika 8.4. Alinieleza kwamba, kwa kuwa usukani unafanya kazi, kidhibiti bado kinaishushia risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na servo (kimota kinachogeuza magurudumu ya mbele) umeme wa kutosha, kwa hiyo si kwamba kimekufa chote. Hatua iliyofuata ndiyo iliyonishawishi: alibadilishana plagi mbili kwenye risiva, ya usukani akaichomeka mahali pa mwendo na ya mwendo mahali pa usukani. Nilipovuta kifyatuo cha rimoti, mkono mdogo wa servo ukafuata kidole changu mbele na nyuma, lakini nilipozungusha usukani wa rimoti, mota haikutikisika. Rimoti na risiva zikawa zimeondolewa lawama kwa dakika moja tu. Mota nayo, ilipofunguliwa na kuunganishwa moja kwa moja na betri ndogo, ilizunguka bila kusita, na hapo zile shilingi 4,500 nilizokaribia kuzitoa zikanikaa rohoni.

Akavua ala ya plastiki ya kidhibiti, akagusisha ncha za mita kwenye mashina ya waya za mota, pale zinapoingia kwenye bodi, huku mimi nikivuta kifyatuo hadi mwisho. Umeme ulikuwapo. Alipozihamishia ncha hizo kwenye miisho ya waya zile zile, mita ikasoma sufuri. Alinipa lenzi nitazame mwenyewe: kuzunguka lehemu ya waya mmoja palikuwa na duara jeusi, jembamba kama unywele, ufa uliofunguka kidogo kidogo kwa mitikisiko hadi ukaachia kabisa. Aliondoa lehemu yote ya zamani, akasafisha, akalehemu upya, kisha akaufunga waya kwenye fremu ili usivutwe tena gari linaporuka. Kazi ilichukua nusu saa, nami nikalipa shilingi 600.

Nina lalamiko moja, na si dogo. Kidhibiti hiki kina kijiti cha plastiki cha kuchagulia aina ya betri, na kilikuwa upande usio wa lithiamu, maana yake gari lingeendelea kuinyonya betri hata pale ambapo lilipaswa kujizima. Seli ya lithiamu haitakiwi kushuka chini ya volti 3. Ikishuka huharibika, na ikilazimishwa kuchajiwa baada ya hapo inaweza kushika moto. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu kijiti hicho, naye akakihamisha mara moja, lakini fundi makini kiasi hiki angepaswa kukiona kabla yangu, hasa kwa chombo cha mtoto.

Atakayekwenda apeleke gari zima pamoja na rimoti na betri iliyochajiwa. Niliyemkuta mbele yangu kwenye foleni alikuwa amebeba kidhibiti peke yake mfukoni, akarudishwa nyumbani.