Darasa la poka Njiro: nimelamba dume au garasa?

Nyota mbili. Na hizo ni za masomo mawili ya mwanzo, maana kwa lile la tatu ningempa mwalimu sifuri na nauli yangu ya bodaboda angenirudishia.

Kijana huyu nilisikia habari zake kwa washikaji hapa Arusha. Anafundisha poka sebuleni kwake Njiro, hela haiwekwi mezani, mnachezea vizibo vya soda. Masomo manne na unalipa yote mwanzoni. Nikalipa. Mimi ni mtu mzima, nimekuwa dalali wa mawe ya tanzanite ya Mirerani tangu yeye hajaanza shule, na karata nimezishika tangu utotoni. Nikajua nakwenda kuchukua sheria tu, mengine ninayo.

Nisiwe mchoyo: nilikuwa nakosea, na aliyenionyesha ni yeye. Mimi nikipewa zile karata mbili zangu za siri, kabla tano za wote hazijafunguliwa mezani, na moja ni ree, naingia. Ree ni ree bwana. Akaniuliza: mzee, una ree na nane, umekaa wa kwanza kusema, nyuma yako kuna watu saba hawajafungua mdomo. Ikitokea ree nyingine mezani, nani atakulipa? Nikakaa kimya. Asiye na ree anatupa. Atakayebaki kukulipa ni mwenye ree na mfalme, au ree na malkia, na nane yako hapo ni msindikizaji tu. Yaani nikishinda napata kizibo kimoja, nikishindwa linaondoka rundo. Usiku ule nilihesabu kichwani vizibo vyangu vyote vilivyokwenda kwa njia hiyo, usingizi ukachelewa.

Karata hizohizo, akasema, ukiwa umekaa karibu na mwisho na waliokutangulia wote wamejitoa, unaweza kuingia nazo. Hilo halikunipa shida. Kwenye mawe anayetangulia kutaja bei ndiye anayeumia.

Somo la pili ndilo lililonifurahisha hasa. Ree mbili zinakuangukia kwa wastani mara moja katika migao 221, kwa hiyo mtu akizipata anataka kuzificha awaingize wengi. Hapana. Ukibaki na mtu mmoja mwenye karata zozote, ree mbili zinashinda kama mara 85 katika 100. Ukiwaachia wapinzani tisa wakae hadi karata ya mwisho, unashinda kama mara 31 tu. Pandisha mapema, wapungue. Na jozi ndogo, tatu mbili au nne mbili, karata tatu za kwanza za mezani zikifunguliwa inapata mwenzake wa tatu kama mara moja kwa nane, basi usiing'ang'anie kwa bei kubwa. Nikaenda nyumbani nikagawa karata peke yangu mpaka mama watoto akauliza kama nimerogwa. Siku hiyo ningeweka nyota nne bila kusita.

Somo la tatu: kumsoma mpinzani. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Akasema mkono ukitetemeka wakati mtu anasukuma vizibo, huyo anaogopa, anadanganya, mlipe, yaani weka vizibo sawa na vyake afunue. Nikanyamaza, lakini nilitikisa kichwa na aliniona. Nimekaa na vijana waliotoka mgodini na jiwe la kwanza la maana maishani mwao. Anayekuletea kioo akidai ni jiwe anaongea hadi mate yanamkauka, mkono umetulia tuli. Mwenye jiwe la kweli ndiye anayetetemeka, hata kulifungua kwenye karatasi hawezi. Mwongo huja amejiandaa. Mwenye mali ndiye anayeshtuka.

Mgao wa mwisho tukabaki mimi na yeye. Nina malkia wawili. Mezani tisa, nne, mbili, saba, tatu, rangi mchanganyiko, hakuna cha kunizidi kwa macho. Mwalimu akasukuma vizibo vyote. Na mkono wake, jamani, unacheza kama bati kwenye upepo. Binti aliyekaa kushoto kwangu, sawa na mwanangu wa pili, akaninong'oneza: "Baba, mlipe, si unaona?" Nikaona. Nikafunua malkia wangu, nikawaweka chini. Natupa.

Akacheka. Si kucheka kwa mchezo, kile kicheko cha kumwonyesha mtu kwamba hana akili. "Malkia wawili unatupa? Mzee wangu, wewe kacheze bao na wazee wenzako." Sebule nzima ikacheka.

Bao! Kete 64 mtu anazihesabu kichwani, aje na hiyo kalkuleta yake aone.

Yule binti akanyoosha mkono akafunua karata za mwalimu kabla hajazichanganya. Wafalme wawili. Kicheko kikakatika. Alijua anazo, alijua nimetupa sawasawa, na bado akanitukana mbele ya watoto wa watu kwa sababu vizibo vyangu vilimkosa. Nikamngoja aseme hata "hongera mzee". Akasema: "Umebahatisha."

Sasa nyota mbili naziona nyingi, niweke moja. Ila nikikumbuka ile ree na nane... hapana, kichwa anacho, hesabu anaijua, na anaeleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kama unataka kujua karata gani za kuanza nazo na gani za kutupa, nenda, hutajuta. Kama una mvi, jiandae. Ya kusoma watu usimwulize kabisa. Basi tatu. Hapana, adabu nayo ina bei yake, ziwe mbili kama nilivyosema.

Somo la nne bado, na hela yangu iko kwake. Nitakwenda. Nitakaa kiti cha mwisho kusema, na bao nitalibeba kwapani.