Tabora hadi Kigoma: ndege au treni?

Ukichora mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Tabora hadi wa Kigoma, unapata kilomita 350 hivi. Reli ya Kati, inayopitia Urambo, Kaliua na Uvinza, inazidi 400. Kwa umbali hazijaachana sana. Pengo liko kwenye saa.

Ndege ya mapangaboi kama Dash 8-Q400 hukata anga kwa kilomita 600 na ushee kwa saa. Weka na muda wa kupaa na kushuka, ni kama dakika 50. Treni ya reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inakula usiku mzima, na hapo haijachelewa.

Ila hizo dakika 50 ni za angani tu. Kuna kuwahi uwanjani, kupima mizigo, kusubiri. Na siku ambayo hakuna ndege ya moja kwa moja, unapelekwa kwanza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 700 mashariki, ndipo urudishwe magharibi zaidi ya 1,000. Kwa mzunguko huo, bora treni, tena bila kufikiri mara mbili.

Mwenye begi la mgongoni na kikao cha saa nne asubuhi apande ndege. Mwenye ndoo za asali anazopeleka Kigoma, au madumu ya mawese anayorudi nayo, asijisumbue na mizani ya uwanjani: kila kilo inayozidi inalipiwa.